Barua ya Wazi kwa Wahariri wa Habari: Mnatuanzishia, Hamtumalizii

Kwa Waheshimiwa Wahariri,

YAH: HABARI ZINAZOTANGAZWA NA KUACHWA NJIANI

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mshonaji wa nguo, na ni msikilizaji na msomaji wenu wa miaka mingi. Redio yangu hukaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, kando ya mkasi na tepu ya kupimia, na huwa inaongea tangu ninapofungua mlango asubuhi hadi ninapofunika cherehani jioni. Usiku nasoma kurasa zenu kwenye simu. Sina cheo chochote, si mwanahabari, wala hakuna aliyenituma. Nawaandikia kwa heshima, kwa sababu mengi ninayoyajua kuhusu dunia iliyo nje ya mlango wangu nimeyapata kwenu.

Hii si barua ya kwanza. Nimeshawaandikia mara tatu kimyakimya. Ya kwanza niliituma kwa anwani iliyoandikwa chini ya tovuti yenu. Ya pili niliileta kwa mkono hadi mapokezi, ikagongwa mhuri mbele yangu. Ya tatu nilimwomba mtangazaji wenu mmoja, mtu mwungwana sana, aifikishe mezani kwenu, naye akanihakikishia kwamba ilifika. Sikujibiwa hata moja. Jambo lenyewe linamuumiza mtu kila siku, na siwezi kuendelea kungoja. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Nianze na daftari langu, maana ndilo lililonifungua macho.

Kila mshonaji ana daftari la vipimo. Naandika jina la mteja, mabega, kifua, kiuno, urefu, na siku niliyomwahidi. Nguo ikichukuliwa napiga mstari juu ya jina. Jina lisilo na mstari ni deni, na huwa sipati usingizi mzuri yakiwa mengi. Kwa muda sasa kurasa za nyuma za daftari hilo nimezifanya za habari. Nikisikia habari iliyonigusa naandika tarehe, habari yenyewe kwa maneno machache, na ile ahadi iliyosomwa mwishoni: "uchunguzi umeanza", "kamati itatoa ripoti", "tutaendelea kuwaletea taarifa zaidi". Upande wa kulia naacha nafasi ya kuandika ilivyoishia.

Kurasa za mbele zimejaa mistari. Za nyuma ni nafasi tupu kutoka juu hadi chini. Jengo lililoporomoka na kamati iliyoundwa kutafuta chanzo: ripoti ilisema nini? Dawa iliyoondolewa madukani kwa ajili ya vipimo: vipimo vilionyesha nini, na waliokwisha kuimeza wafanye nini? Mtoto aliyepotea, ambaye picha yake mliitoa siku mbili mfululizo akiwa na sare ya shule na kifungo kimoja cha shati kimekatika: alipatikana? Kwa mtoto huyo nilikuwa naacha kushona kila mnapoanza taarifa ya saa, wiki nzima. Hadi leo sijui.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnatangaza kukamatwa, hamtangazi kuachiwa

Jirani yangu ni fundi umeme. Sitamtaja, kwa kuwa jina lake limekwisha kutajwa vya kutosha. Siku moja polisi walimchukua pamoja na wenzake wanne kwa sababu ya wizi wa vifaa katika jengo walilokuwa wakilifanyia kazi. Mpigapicha wenu alikuwapo. Picha mliyoitoa inamwonyesha akiinama kuingia nyuma ya gari la polisi, shati limechomoka upande mmoja, na chini ya picha pana jina lake kamili. Mliisoma habari hiyo mchana, mkairudia jioni. Nilikuwa napiga pindo la suruali niliposikia jina la mtu ninayemwamkia kila asubuhi, nikajichoma sindano.

Siku ya nne aliachiwa. Hakufikishwa mahakamani. Polisi walimwambia hana kesi na wakampa barua ya kuthibitisha hivyo. Kwenu ilikuwa kimya.

Barua hiyo ameikunja mara nne na kuitia katika mfuko wa plastiki, na anatembea nayo katika mfuko wa shati. Nimeishika mwenyewe. Mikunjo imeanza kuchanika, na wino wa mhuri umehamia kwenye plastiki. Anaitoa mlangoni kwa mteja mpya, kabla hajafungua begi la vifaa. Wapo wanaoisoma wakamkaribisha ndani. Wapo wanaosema watampigia simu, na hawapigi. Ukitafuta jina lake kwenye intaneti, kinachotangulia ni ile picha yenu. Binti yake wa miaka kumi na mmoja alionyeshwa picha hiyo na wenzake darasani, akarudi nyumbani akamuuliza mama yake kama ni kweli.

Alikuja ofisini kwenu mwenyewe kabla mimi sijashika kalamu. Aliambiwa kwamba habari ilikuwa ya kweli siku ilipotangazwa, kwa hiyo hakuna cha kusahihisha. Jibu hilo nimelifikiria sana. Ni kweli alikamatwa, sibishi. Lakini nikimkabidhi mteja koti lenye mkono mmoja, siwezi kujitetea kwamba mkono huo nimeushona vizuri. Habari ya jirani yangu ilikuwa na sehemu mbili. Mlitoa moja, na ya pili ilipokamilika hakuna aliyekumbuka kurudi.

Jambo hili limewapata watu kwingineko. Julai 1996, wakati wa michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, Marekani, mlinzi aitwaye Richard Jewell aliona begi lililoachwa bustanini, akatoa taarifa na kusaidia kuwasogeza watu. Ndani mlikuwa na bomu. Alipongezwa kama shujaa kwa siku tatu, kisha ikatangazwa kwamba yeye ndiye anayechunguzwa, na kamera zikapiga kambi nje ya makazi yake. Oktoba mwaka huohuo waendesha mashtaka walimwandikia kwamba hakuwa tena mlengwa wa uchunguzi. Aliyetega bomu, Eric Rudolph, alikiri mahakamani mwaka 2005. Jewell alifariki dunia mwaka 2007.

Yule angalau dunia nzima ilikuwa inatazama, na jina lake likasafishwa hadharani. Habari ya jirani yangu ni ndogo, haitawahi kuandikiwa kitabu. Kwa hiyo msipoimalizia ninyi mlioianzisha, hakuna mwingine atakayeimalizia.

2. Mnatutia hofu kabla hamjatupa cha kufanya nacho

Jioni moja simu yangu ilitikisika juu ya meza. Maandishi mekundu: HABARI ZA HIVI PUNDE, ajali mbaya ya basi, abiria kadhaa wahofiwa kufa. Basi gani, halikutajwa. Linatoka wapi kwenda wapi, halikutajwa. Dada yangu alikuwa safarini siku hiyo. Nilimpigia mara kumi na moja, simu haipatikani. Mama alinipigia mimi, nikamdanganya kwamba nimeongea naye. Baada ya saa nzima dada akapatikana. Basi lao lilikuwa limepita eneo lisilo na mtandao. Ajali ilikuwa barabara nyingine kabisa, upande wa pili wa nchi.

Mstari mmoja tu ungetosha: basi lilikuwa likitoka mahali fulani kwenda mahali fulani. Kama mlikuwa hamjajua, mngeandika kwamba njia bado haijathibitishwa, na saa ambayo mtatujulisha. Na kama hamkuwa na hata hilo, mngesubiri dakika kumi. Maelfu ya watu walikuwa na ndugu barabarani jioni ile, na wote walishika simu zao kama mimi.

Najua kuwahi ni sehemu ya kazi yenu. Najua pia kuwahi kunavyoweza kuumiza. Januari 2006, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, West Virginia, Marekani, wachimbaji 13 walinaswa chini baada ya mlipuko. Familia zilikusanyika kanisani kusubiri. Usiku wa pili ikaenea habari kwamba 12 wako hai. Watu wakakumbatiana, kengele zikapigwa, na magazeti mengi yakaingia mitamboni na habari hiyo. Ujumbe wa waokoaji ulikuwa umepotoka njiani. Baada ya takribani saa tatu familia ziliambiwa kwamba aliyenusurika ni mmoja, Randal McCloy, na wengine wote 12 wamefariki. Asubuhi magazeti ya furaha yalikuwa yameshafika mezani.

Ninapoisoma habari hiyo huwa nafikiria zile saa tatu.

3. Vichwa vya habari havifanani na habari

Hili nitalisema kwa kifupi kwa sababu mnalijua. Kichwa kinasema mtu fulani "afunguka makubwa". Ndani amesema hana maoni. Kichwa kinauliza swali; ndani hakuna jibu. Kichwa kinatangaza kifo cha "msanii maarufu" bila jina, ili kila mwenye msanii wake afungue kwa moyo kudunda. Kifo cha mtu si mahali pa kutufanyia hivyo. Wekeni jina.

4. Takwimu zenu hazina pa kuanzia

Mteja akiniambia nimwongezee upana mara mbili, swali langu la kwanza ni: kutoka kipimo gani? Ninyi mnatusomea kwamba hatari ya ugonjwa fulani "imeongezeka maradufu", kisha mnaingia kwenye matangazo.

Oktoba 1995 nchini Uingereza ilitangazwa kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Kila gazeti lilibeba neno hilo, maradufu. Hali yenyewe ilikuwa hivi: kwa vidonge vya zamani, mwanamke takribani 1 kati ya 7,000 alipata tatizo hilo, kwa vidonge vipya, takribani 2 kati ya 7,000. Neno lilikuwa sahihi kihesabu. Lakini wanawake wengi waliogopa wakaacha vidonge ghafla, na mwaka uliofuata mimba zisizotarajiwa ziliongezeka, na utoaji mimba nao ukaongezeka. Mimba yenyewe huleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile vilivyokimbiwa.

Kwa hiyo ninaposema mtupe pa kuanzia sitafuti ubingwa wa hesabu. Mama anayesikiliza redio huku ananyonyesha anafanya uamuzi hapohapo, kwa hicho mlichomwambia.

5. Masahihisho yenu hayaonekani

Mkikosea, habari inarekebishwa usiku bila neno, au panawekwa mstari mmoja mahali ambapo hakuna anayefika. Kosa lilisomwa saa ya watu wengi, sahihisho halisomwi kabisa.

Tarehe 3 Novemba 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune lilitoka na kichwa kikubwa kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa urais wa Marekani. Wachapaji walikuwa wamegoma, gazeti likalazimika kwenda mitamboni mapema, na wahariri wakakisia. Truman alikuwa ameshinda. Siku moja baadaye alipigwa picha amelinyanyua gazeti hilo kwa mikono miwili, anacheka, na picha hiyo inajulikana hadi leo. Rais anaweza kusahihisha gazeti kwa kulinyanyua mbele ya kamera. Jirani yangu analo karatasi lililokunjwa mara nne.

Sasa nayageukia majibu ambayo huenda mnayaandaa, maana baadhi nimeshayasikia.

Mtasema hamna watu wa kutosha wala nafasi ya kufuatilia kila jambo. Naamini kazi ni nyingi. Lakini tazameni dawati lenu la michezo. Tangu nianze kuwasikiliza hamjawahi kutuacha katikati ya mechi. Desemba 2022, fainali ya Kombe la Dunia, Argentina ilikuwa mbele 2–0 hadi dakika ya 79. Mngekata matangazo hapo mkahamia habari nyingine, tungelala tukiamini mchezo uliishia hivyo. Mkabaki. Mbappé wa Ufaransa akafunga mara mbili ndani ya dakika mbili, ikaenda hadi 3–3, na Argentina ikashinda kwa penalti 4–2. Nilikuwa na kundi la watu dukani kwangu, wengine wamekaa juu ya marobota ya vitambaa, na hakuna aliyeondoka bila kujua matokeo. Mnajua kabisa kumaliza jambo. Mnachagua ni lipi linastahili kumalizwa, na mtu aliyeachiwa huru bila kesi hajawahi kuwamo katika uchaguzi wenu.

Mtasema kuna habari zisizo na mwisho. Ni kweli. Ndege ya Malaysia Airlines, safari ya MH370, ilipotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Kipande cha bawa lake kilipatikana mwaka uliofuata katika kisiwa cha Réunion, na bado eneo lilipo bodi lenyewe halijulikani. Lakini hilo tunalijua kwa sababu kila mwaka tarehe ile inapofika linasemwa: bado. "Bado" ni habari kamili. Ningeiandika katika ile nafasi ya kulia na ningeridhika. Kuhusu yule mtoto wa sare ya shule, hata "bado" hamjaniambia.

Mtasema mitandao ya kijamii inawatangulia, na mkisubiri mtabaki nyuma. Watafiti wa chuo cha MIT walichapisha utafiti mwaka 2018 katika jarida la Science, wakifuatilia habari takribani 126,000 zilizosambazwa Twitter tangu 2006 hadi 2017. Waligundua kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli, kwa asilimia 70. Maana yake mbio hizo hamtazishinda hata mkimbie vipi. Mtu anayekuja kwenu baada ya kuona jambo mtandaoni anakuja kuuliza kama ni kweli. Mimi hufanya hivyo. Wateja wangu hufanya hivyo: "Hebu ongeza sauti tusikie kama na redio imesema." Hiyo ndiyo heshima mliyobaki nayo, na ni kubwa.

Mtasema wasomaji wenyewe ndio wanaobofya habari za kashfa na vifo. Wengine wanabofya, ndiyo. Lakini ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2024, iliyohoji watu katika nchi 47, ilionyesha kwamba asilimia 39 ya waliohojiwa huepuka habari mara nyingine au mara nyingi. Mwaka 2017 walikuwa asilimia 29. Wapo wengi wa namna hiyo wanaoingia dukani kwangu. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, huniomba nizime redio anapopimwa. Nilidhani anapenda utulivu. Siku moja akaniambia: "Kila siku wananipa mzigo, na hawanirudii kuniambia niutue wapi." Sijapata mtu aliyelisema jambo hili vizuri kuliko yeye.

Na jibu la mwisho, la sheria: kwamba kuandika upya habari ya zamani kunaweza kuwaletea matatizo. Sijaomba mfute kitu. Acheni picha na tarehe kama vilivyo, kisha ongezeni juu yake kilichotokea baadaye. Mwenye barua ya polisi yenye mhuri anawapa ushahidi wote mnaouhitaji.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, kila mtu mnayemtaja kwa jina kwamba amekamatwa au anatuhumiwa, aandikwe kwenye orodha yenu ya ndani, na mumfuatilie hadi jambo lake lifike mwisho. Akiachiwa au akishinda kesi, litangazwe katika kipindi kilekile, muda uleule, na liandikwe juu kabisa ya habari ya zamani. Kama hamwezi kuahidi kumfuatilia, msitaje jina wala msionyeshe uso.

Pili, anzisheni kipindi kifupi cha kila juma, hata dakika kumi na tano, cha kutuambia yaliishia wapi. Jina nawaachia. Kamati zilizoahidi ripoti ziulizwe humo. Watoto waliopotea watajwe humo, waliopatikana na ambao bado. Nina hakika kitasikilizwa. Wateja wangu tayari wananiuliza daftari linasemaje.

Tatu, masahihisho yawe na mahali pake pa kudumu, panapoonekana, na kosa lililosomwa redioni lisahihishwe redioni.

Nne, teueni mtu mmoja wa kupokea malalamiko ya wasomaji na wasikilizaji, mwenye jina linalojulikana na uhuru wa kuandika kwamba chumba chake cha habari kimekosea. Si jambo geni. Gazeti la Courier-Journal la Louisville, Marekani, lilikuwa na mtu wa namna hiyo tangu 1967, na The Guardian la Uingereza liliteua mhariri wa wasomaji mwaka 1997. Angekuwapo kwenu, barua zangu tatu zingekuwa na pa kufikia na hii msingeisoma hadharani.

Tano, ujumbe wa dharura kwenye simu usitumwe bila mahali, na takwimu ya hatari isisomwe bila kusema ni wangapi kati ya wangapi.

Haya manne ya mwisho yanahitaji vikao, nayaelewa. La kwanza, kwa upande wa jirani yangu, halihitaji kikao. Ni sentensi mbili kwenye habari ambayo tayari iko kwenye tovuti yenu, na sentensi hizo hizo kusomwa mara moja mchana na mara moja jioni, kama ilivyosomwa ile ya kwanza. Naomba hilo lifanyike ndani ya siku saba, na majibu ya mengine nipatiwe kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Nakala ya barua yangu yenye mhuri wa mapokezi yenu ninayo, endapo ile mliyobaki nayo imepotea.

Jirani yangu yuko tayari kuja kwenu na ile barua siku yoyote mtakayoitaja. Amesema angependa iwe asubuhi, kabla ya kazi. Nitamsindikiza mwenyewe.

Wenu katika kusikiliza na kusoma,

Mshonaji, na msikilizaji wenu wa kila siku

Nakala: wasomaji na wasikilizaji wenzangu wote